Unga wa Watu Tisa

Likasi, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote niambie goti lako liko namna gani. Dereva wa lori ya samaki amenieleza kwamba alikukuta hapo Pweto ukitembea na fimbo, na barua yako iliyopita ilisema umepona. Na macho, je, yanavumilia moshi wa kukaushia samaki? Mke wa kaka Petro anakuchotea maji, au bado mnanuniana? Baba katekista, wewe unayemsomea mama barua hii, nakusalimu kwa heshima. Soma polepole, na usiongeze maneno yako.

Sisi huku mwili ni mzima. Lakini sitaki kuzungukazunguka, mama. Duka letu la kushona limekufa. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na mkwe wako Ilunga tutasimama tribinali, mbele ya hakimu, tutangaze kwamba tumefilisika, hatuna tena uwezo wa kuwalipa wanaotudai.

Si kwamba mkwe wako alikunywa pesa, usianze. Unajua tangu Katanga ijitenge ndugu wa Kasai wamekuwa wakifukuzwa huku. Hao ndio waliokuwa wateja wetu: makarani, walimu, watu wa kiwandani. Walikuwa wakishonesha suti za Noeli kwa deni, wanalipa kidogo kidogo kila wakipata mshahara. Wameondoka na suti zetu mwilini, na siwalaumu hata kidogo. Lakini yule Mgriki aliyetukopesha vitambaa yuko palepale dukani kwake, anataka pesa yake, na ana haki.

Wateja siwalilii sana. Ninaowalilia ni mafundi wetu wanne. Wote walikuwa watu wa Kasai, walilala kwenye nyumba ndogo ya nyuma, na mmoja wao alikuwa na mke na watoto wawili. Sote tulikula chungu kimoja, watu tisa. Unajua Mungu hajanipa mtoto. Wale wawili waliniita Mama Beta, na mdogo alikuwa halali mpaka nimkune mgongo. Asubuhi moja walifunga vitu kwenye shuka, wakaenda kambi ya wakimbizi Elisabethville, na huko, nasikia, wakapandishwa treni ya Kasai. Toka hapo sijapata neno. Kila nikifagia nyuma kule nakuta vifungo, na ninavirudisha chini.

Basi karani wa tribinali alituambia tulete bajeti ya nyumba: tunakula nini kwa mwezi, kodi kiasi gani, makala ya kupikia, sabuni. Wakiona bajeti ni ya kweli, watatuachia cherehani moja ya kutafutia chakula, hizo nyingine ziuzwe kulipa deni. Wakiona tunadanganya, zinakwenda zote. Hiyo cherehani moja, mama, ndiyo yote tuliyobaki nayo hapa duniani.

Tulikaa kwenye meza ya kukatia nguo, Ilunga akisema, mimi nikiandika, kwa maana masista walinifundisha mwandiko mzuri na yeye mwandiko wake kuku wanaucheka. Unga, mafuta ya mawese, chumvi, makala, mishumaa, sadaka ya kanisa. Nilijivuna. Tukaipeleka.

Karani, mtu wa miwani, si mkali, alisoma huku anafuata kwa kidole. Kwenye unga kidole kikasimama.

"Madame, bantu ngapi banakula mu ile nyumba?"

"Tuko wawili. Minye na bwana yangu."

"Bantu wawili banamaliza mufuko muzima ya unga kwa mwezi?"

Ilunga akaangalia viatu vyake.

"Basi muko na bengine munaficha," karani akasema, "ao munauzisha unga. Rudieni muandike vizuri. Tunahesabu tu wenye kulala mu nyumba. Mbele ya siku ya tribinali, muntu wetu atakuja kuangalia."

Mama, sikuwa nikidanganya. Niliandika unga ninaoupika. Tangu wale waondoke, sikuwahi kubadilisha chungu. Mkono wangu unapima unga vilevile, unasonga bukari ya watu tisa, kila siku. Inayobaki nampelekea jirani, hata jirani amechoka kunishukuru, siku hizi anapokea na kufunga mlango. Na mimi nilijiona mwanamke mwenye akili zake.

Tulipofika nyumbani ndipo nilipomkasirikia. Nikamwuliza, "Weye uliona hii bukari yote. Kwa nini hukuniambia?"

Alikaa kwenye kiti cha fundi mkubwa, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu siku ile.

"Niliona," akasema. "Kila siku niliona. Nilisema, nikiongea utaacha kupika, na nyumba itakuwa ya bantu wawili."

Nililia, mama, sikufichi. Nililia kwa sababu kumbe kila mmoja wetu alikuwa peke yake katika nyumba hii, kila mmoja akimchunga mwenzake asijue. Mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mume wake akawa na upweke kama wa kaburini.

Tukaketi kuandika upya. Unga robo ya mfuko. Mshumaa mmoja badala ya minne. Nilipofika mahali pa kuandika idadi ya watu, kalamu haikutaka. Kuandika "wawili" ilikuwa kama mimi ndiye ninayewafukuza wale sasa, kwa mkono wangu. Ilunga akaona.

"Andika tatu," akasema.

"Watatu gani? Unataka watuchukulie cherehani?"

"Andika mama yako."

Nilidhani amekunywa. Unamjua mkwe wako. Siku ya ndoa alizunguka nyuma ya nyumba nzima ili msikutane uso kwa uso. Ulipokuja kunitembelea mara ile, alikula kwa jirani wiki nzima, na alipotaka kukusalimu alikusalimu akiwa nyuma ya ukuta. Yeye ni wa zile heshima za zamani, mkwe na mama mkwe hawawezi kula pamoja, seuze kulala chini ya bati moja.

"Minye nitalala ku atelie ya kushonea," akasema. "Nitatoboa mulango ingine ku nyuma. Mama hatanikuta ku njia."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, na ile mashine nitamushonea nani?"

Leo tangu tutoke misa anabomoa matofali. Nyumba si yetu, mwenye nyumba hajui, na mtu anayekwenda kutangaza ufukara anatoboa ukuta wa watu. Namsikia hapa anapiga nyundo na kukohoa vumbi. Ni kelele ya kwanza katika nyumba hii kwa miezi mingi, na inanifurahisha, nikuambie ukweli.

Sikuiti uje kufanya kazi. Wala sikuahidi raha: ni bukari na sombe ya majani ya muhogo, samaki ukija nao. Njiani kuna vizuizi vya askari, lakini dereva amewazoea. Nakuita kwa sababu kuanzia saa nane mchana nyumba hii inanyamaza mpaka nasikia masikio yangu. Hakuna wa kuniambia nimezidisha chumvi. Kaburi la baba, Petro atalipalilia, ni mtoto wake pia.

Nisalimie huyo Petro kaka yangu, na mke wake, umwambie nguo niliyomwahidi itachelewa. Nisalimie mjomba mwenye nyavu, na shangazi wa kilima asiyesikia, mpigie kelele kwamba namkumbuka.

Dereva anarudi huku na mzigo wa samaki wiki ijayo. Kiti cha mbele, karibu naye, nimekwisha kukuombea. Karatasi imefika tribinali jana. Nimeandika watatu, mama, na nimetia sahihi yangu. Usinifanye mwongo.

Mtoto wako anayekungojea,
Beta