Povu Badala ya Vinasaba

Jumatatu, 9 Juni

Aibu! Niliwaahidi Kidato cha Tatu wataona DNA ya ndizi kwa macho yao. Wameona povu. Niliwaambia waponde ndizi, wakoroge na sabuni kidogo. Basi, darasa lenye zamu ya kudeki wiki hii likakoroga kama linadeki! Tena kwa sabuni ya unga. Povu mpaka kwenye viwiko. Tukamimina spiriti, hakuna kilichoonekana. Makamu wa mkuu wa shule kasimama mlangoni: eti hapa tunafundisha au tunafua? Ijumaa anakuja kukaa darasani. Nikiharibu tena, vipindi vya vitendo vinafutwa, tunarudi kunakili ubaoni. Nimelia chooni, kusema kweli.

Jumatano, 11 Juni

Jikoni kwangu. Ndizi moja mbivu, chumvi, matone machache ya sabuni ya maji. Nimekoroga polepole, nikachuja kwa kitambaa. Spiriti nilikuwa nimeilaza kwenye friza. Wifi yangu kaikuta akitafuta barafu, akauliza nimeanza kunywa lini. Nikamwambia subiri uone. Nikaimimina taratibu pembeni mwa glasi. Hakuna. Hakuna... Kisha nyuzi! Nyeupe, laini, zinapanda! Nimeruka kama mtoto. Wifi: usingizi wote umekupotea kwa ajili ya makamasi ya ndizi? Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Uuh, nimeshusha pumzi. Kumbe kosa lilikuwa kukoroga kwa nguvu tu, kazi yenyewe naijua!

Ijumaa, 13 Juni

Naandika hapahapa darasani, wao wanaosha glasi. Niliwaambia: leo atakayetoa povu atanitambua. Wakawa wapole jamani, hata wale watukutu wa nyuma! Makamu kakaa kona, mikono kifuani. Spiriti ikamiminwa. Wakainamia glasi. Mara binti wa dawati la mbele: "Mwalimu, inatoka!" Darasa zima likalipuka. Wanapiga meza, wanaitana! Nikasema moyoni, nimekwisha, kwa makelele haya.

Makamu akainuka. Akaomba kijiti, akauvuta ule uzi mweupe, akaunyanyua kwenye mwanga. Akasema kwa sauti ya chini eti kafundisha baiolojia nusu ya maisha yake, kila mwaka anaichora DNA ubaoni, hajawahi kuiona yenyewe. Nilitamani kumkumbatia! Lakini hakusema vipindi vinaendelea wala vinafutwa. Kachukua glasi, katoka nayo. Kutoka hapa namwona nje ya ofisi ya mkuu wa shule — kaiinua glasi, mkuu kavaa miwani, na Makamu anamwonyesha kwa kidole namna ya kukoroga, polepole —