Babu Yetu wa Miaka Minne

Mdogo wangu Tabitha,

Huku Massachusetts tumeaibika. Unajua Shangazi Lavinia anavyotamba na babu yetu Ebenezer, aliyejenga kanisa la kwanza mjini. Juzi, mbele ya chama chake cha wazao wa waasisi wa mji, nilikwangua kuvu kwenye jiwe la kaburi lake. Likasomeka: alikufa akiwa na miaka minne.

"Endelea kukwangua, Silas," akasema Shangazi. "Kuna sifuri imejificha."

"Au alioa mapema, Shangazi."

Tangu hapo hanisemeshi. Nyuma ya jiwe hilo tulikuta kaburi la Ebenezer mwingine, mdogo wa yule mtoto, ndiye mjenzi wa kanisa. Zamani mtoto akifa, aliyezaliwa baadaye alipewa jina lile lile.

Uliniuliza kama ni vibaya mtoto unayemtarajia kumwita Nathan, kama ndugu yake aliyetutoka. Sijui, Tabitha. Ila ukoo wetu mzima umetokana na yule Ebenezer wa pili.

Kaka yako,
Silas