Kitabu Nilichosahau Jikoni

Jumanne, Sindo

Kumbe nilikisahau jikoni kwa mama mkwe, ninakopika mpaka nitakapopewa jiko langu! Leo nimemkuta akiwafungia wateja dagaa wa omena kwa kurasa za kitabu changu, kile cha msichana aliyepotea katika ufalme wa chini ya ziwa. Machozi yalinilenga. Kila jioni mimi humsomea Ouma, mume wangu mtamu.

"Nyathina, mwanangu, usinune," mama akasema. "Nimechana mpaka pale ulipokunja tu. Mbele hatujasikia."

Hatujasikia?

"Kwani mabati yanaziba sauti? Nyumba ya mwanangu siingii, ni mwiko kwetu, nasimama nje na mbu. Na wewe unasoma kama unanong'ona!"

Jioni hii nimesoma kwa sauti, karibu na dirisha. Ouma wangu amempelekea mama kiti.