Mhubiri Anakuja Kwenu Jumamosi

Lemi,

Wamenipa kazi yako. Sikuiomba. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi yako, mwenyekiti wa ushirika wetu wa wanafunzi aliangaza macho bwaloni, akakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikaa karibu nawe, basi akaniita mbele. Tangu hapo kila wiki nasimama kando ya mhubiri, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, kwa ajili ya wapishi, walinzi, na wenzetu waliovuka mpaka ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga.

Sina mbwembwe zako. Wewe mhubiri akiruka uliruka, akilia ulilia, mpaka wageni hapa Arua hawakujua nani hasa amealikwa. Mimi nashika kipaza sauti kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshikie. Mpishi mmoja alinihurumia: "Wewe nasema pole pole, lakini tunasikia." Viti bado tunapanga wenyewe, na wale wa mwaka wa kwanza bado wanatoroka kabla ya kuvirudisha.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya mama yako.

Alikuja Jumapili iliyopita, ametoka Koboko alfajiri. Alitaka kuona mahali ulipokuwa unasimama. Tukamkalisha mstari wa mbele. Mhubiri alikuwa mgeni, hakumjua mama yako. Katikati ya mahubiri akasema kijana aliyeokoka hafi kwa homa; akifa, kuna mtu nyumbani kwao aliyeifungulia dhambi mlango. Kisha akanigeukia nitafsiri.

Lemi, homa ilikuchukua kwa siku nne, na mama yako ndiye aliyekuwa akikukanda maji. Sasa alikuwa ananitazama mdomoni. Nikakumbuka ulivyonifokea siku niliporuka mstari mmoja wa somo: "Usiongeze, usipunguze. Ile maneno si yako." Nikasema, "Mungu anawaona wote waliomuuguza mtu wao mpaka mwisho, na amewashika mkono."

Waliojua Kiingereza waliinamisha vichwa. Mama yako akasema amina, akafuta macho.

Ingeishia hapo ningevumilia. Baada ya ibada alinivuta nimpeleke kwa mhubiri. Alipiga goti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwambie, tangu mtoto yangu alikufa, hakuna mutu aliniambia maneno kama hii. Mwambie akuje nyumbani, aombe kwa kaburi." Hayo niliyatafsiri yote, sawasawa. Mhubiri alifurahi sana, akakubali. Ni Jumamosi hii. Gari limepatikana, ushirika mzima unakwenda, mama yako ameshaalika ukoo, na mfasiri ni mimi.

Nilimweleza mwenyekiti ukweli. Akasema, "Mtumishi ni mgeni yetu. Wewe tafsiri tu." Nikamwendea mhubiri mwenyewe. Nilichofanya sikukitaja, nilimwomba tu asiyarudie maneno yale. Akanijibu kwamba Neno halibembelezi mtu.

Kumwambia mama yako siwezi. Mama yako mdogo alinipigia simu kunishukuru: tangu Jumapili dada yake anakula, anasimulia majirani alichosema mtumishi. Nikimwambia, namnyang'anya hicho kidogo. Nikinyamaza, namwacha ampikie mtu anayemwona yeye ndiye aliyekuua. Nimeomba mpaka nimechoka, na sijui hata naomba nini. Wewe ungejua la kufanya. Nimekukasirikia kwa kutokuwepo, nisamehe.

Ndugu yangu, kwaheri. Jumamosi nitasimama kando ya kaburi lako pamoja na mtu huyo. Binamu zako wanajua Kiingereza, watanisikia, na huenda nisiitwe tena mbele ya watu. Akiyasema tena yale, nitasema uongo tena, kwa sauti, wewe ukiwa hapo chini. Sina ahadi nyingine ya kukupa.

Ayikoru