Ukoo wa Unikinowini

Kinondoni, Dar es Salaam
Juni 1951

Dada yangu Kokushubila,

Pokea salamu za mdogo wako. Mie mzima, ila mgongo. Mama hajambo, na kifua chake je? Migomba ilisimama baada ya ule upepo? Mwalimu Kasimiri anayekusomea barua hii nampa heshima zake, na namwomba leo asome polepole, mama akiwa shambani.

Umeniuliza tena kama nimepata habari za kaka Gregori. Nitafika huko. Kwanza ujue kazi yangu. Nachimba makaburi huku nje ya mji, pamoja na Mzaramo mmoja aitwaye Mwinjuma. Yeye ananiita Bwana Ndizi, mie namwita Bwana Muhogo, siku zinakwenda. Sehemu yetu ni ya watu wanaoletwa na gari kutoka hospitali, bila padre wala shehe. Kila maiti huja na kibao chake, kimeshaandikwa na makarani.

Unajua niliishia darasa la pili. Vibao vingi vilikuwa na neno moja, UNKNOWN, nami nikalisoma kwa Kiswahili, Unikinowini. Nikadhani ni ukoo. Nilimwambia Mwinjuma kwamba watu hawa wamefiwa mno, akasema ukoo wa namna hiyo umelogwa, nisije nikaoa kwao. Tangu hapo kila tulipomshusha mmoja wao nilimpa pole kwa jina hilo. Nilifarijika kwamba amelala kati ya ndugu zake.

Mwezi uliopita nilianza kujifunza Kiingereza jioni kwa Adelard, karani mtu wa kwetu, pamoja na wenzangu kadhaa. Alitueleza kwamba sisi neno tunaligeuza mkiani, funga likawa fungua, ziba likawa zibua, lakini Mwingereza huligeuza kichwani. Tie ni kufunga, untie ni kufungua. Kisha akaandika ubaoni known, akasema huyu ni mtu anayejulikana. Akabandika herufi mbili mbele, akasema sasa hajulikani tena. Wenzangu wakanakili. Mkono wangu ulikataa.

Kesho yake nilipofika kazini, ukoo wangu wote ulikuwa umetawanyika. Hapakuwa na ndugu hata mmoja pale, kila mtu alilala peke yake. Siku hizi koleo likigonga jiwe nasikia kama mtu anabisha hodi. Nami huuliza, nani? Mwinjuma amenikataza kuuliza.

Dada, sasa kaa chini. Wakati wa masika tulipokea mtu ambaye sanda yake ilikuwa fupi, na mkono wa kushoto ukachomoka. Kidole cha mwisho hakikuwapo. Kilikatika pale pale panga lilipomkata Gregori siku ile ya mkungu wa ndizi, na kovu lilipanda hadi kwenye kifundo, kama lake. Nilimwomba Mwinjuma asubiri, nikaenda kusoma kibao. Kibao kilikuwa na jina, lile lile la Unikinowini, na halikuwa la kwetu. Nikamshukuru Mungu, nikaurudisha mkono ndani ya sanda, nikamfukia kaka yangu nikiwa na furaha.

Napajua alipolala, ni karibu na ua wa minyaa. Nimeng'oa kile kibao, nikaweka kingine nilichoandika Gregori kwa lami. Padre ameahidi kuja kumwombea. Makarani bado hawajaona.

Mwambie mama aache kumwekea Gregori chakula chake. Habari ya mkono, amua mwenyewe kama utamwambia. Najua mnanitazamia kwa stima ya mwezi ujao, lakini siji. Katika mji huu wote ni mimi tu ninayemjua aliyelala pale, na nikiondoka watamrudishia zile herufi mbili.

Wasalimie wote wa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Projestus