Nyanya Zilikuwa za Nani

Ilula, 9 Aprili 2024

Kamwene Rabson,

Basi ndio hivyo, wamekataa. Sisi tunapumua. Mguu wa Anord bado una plasta, na mimi jino langu lile la nyuma limeng'oka lenyewe nikila ugali, hata sikulia. Hali yako siulizi, maana mtu mzima wa afya hupokea simu, na wewe yangu hupokei. Ndio maana namsumbua Marta, mke wa Anord, mimi naongea yeye anaandika. Marta, andika hivyo hivyo, usipambe.

Kampuni ya bima inasema Fuso la mwanangu Anord lililolala ubavu pale Chimala halilipwi. Eti bima uliyomkatia ni ya gari kubeba mali ya mwenye gari, na siku ile lilibeba nyanya za watu kwa kukodiwa. Sasa wewe wakala mzima hukujua Anord hana hata mche mmoja wa nyanya? Si wewe uliyemkodi akuletee mbao kutoka Mafinga, ukajenge? Mbao zile zilikuwa za Anord? Baba yako, kaka yangu, alikuwa mchoyo lakini hakuwa mwongo. Alimnyima mama yetu kitoweo mchana kweupe, watu wote wanaona.

Njoo useme ulivyoandika. Bila gari, hii nyumba itakula nini?

Shangazi yako,
Juliana Kalinga


Mwanjelwa, Mbeya, 16 Aprili 2024

Shikamoo shangazi,

Poleni na kuuguza. Sisi hatujambo, mvua tu inatusumbua. Barua yako kondakta wa basi kanipa mbele ya wateja, na matusi yameandikwa mpaka juu ya bahasha. Asante sana. Simu naziogopa kwa sababu ukianza huachi.

Anord mwenyewe alitaka bima kubwa kwa bei ya chini. Nikamwambia ya kukodisha ni ghali, ya mali yake ni nafuu. Akasema kata hiyo hiyo. Madereva wengi wenye gari moja moja wanafanya hivyo, na gari isipolala hakuna anayeuliza. Usinifanye mchawi peke yangu.

Njia iko moja. Nimewabembeleza kampuni, Jumatatu wanatuma mkaguzi kwenu. Aambiwe nyanya zilikuwa za Anord. Mzigo mwingi ulitoka kwa yule mjane, Tusekile, basi aonyeshwe shamba lake, aambiwe ni la Anord. Wewe mkubwa wa nyumba utaweka dole gumba. Mkikataa, gari hailipwi na mimi leseni yangu ya uwakala inafutwa. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote, siku hiyo ongea kidogo.

Mtoto wa kaka yako,
Rabson


Ilula, 22 Aprili 2024

Rabson,

Sijambo, hujambo, tumemaliza. Mkaguzi wako amekuja, yuko uani anakunywa chai. Kijana mpole, kavaa viatu vyeupe na tope hili lote, sijui nani kamshauri. Nimemwambia naingia ndani kutafuta miwani. Sina miwani tangu nizaliwe. Marta anaandika mbio mbio.

Nimenyamaza kama ulivyotaka, mpaka koo linawasha. Tumempeleka shambani. Anord kapakiwa kwenye bodaboda na mguu wake, akasema shamba langu hili. Tusekile kasimama palepale na jembe lake mkononi, akasema ndiyo, la Anord. Unajua kwa nini? Mumewe alipofia Mbeya, Anord ndiye aliyeileta maiti na Fuso hilo hilo, hakumtoza kitu. Mtu hasahau aliyemsaidia kuzika.

Nikadhani yamekwisha. Mkaguzi kafungua mkoba, katoa karatasi. Eti mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri kwamba shamba ni la Anord, bibi aweke dole. Na nyuma ya mwenyekiti kasimama nani? Timotheo, shemeji yake Tusekile, anayemfukuza kwenye shamba hilo tangu matanga yalipoanuliwa. Anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Weka bibi, weka dole," ananiambia. "Kama halikuwa la marehemu ndugu yangu, huyu mwanamke anangoja nini hapa? Na Anord tutajuana baadaye."

Tusekile akaangalia chini. Neno lake hakulibadili. Na ana watoto watatu, yule wa mwisho bado yuko mgongoni.

Haya uliyajua, Rabson? Hukuyajua, wewe unachojua ni bei nafuu. Mnakaa huko mjini mnapanga mashamba ya wajane kama mnapanga viazi kwenye ndoo ya sado. Anord yuko mlangoni hapa, anasema, "Mama, weka tu. Gari ndiyo maisha yetu." Nimemwambia na lile shamba je, si maisha ya mtu? Kanigeuzia mgongo. Marta naye analia huku anaandika, machozi yanadondokea karatasi, usije ukadhani ni ya kwangu.

Wananiita. Wino umeshafunguliwa. Nakuja jamani, miwani haionekani! Weka kalamu, Marta, unishike mkono hapo kwenye ngazi. Naenda kumwambia mkaguzi shamba ni la Tusekile, nyanya ni zake na za wenzake, na bima kaikata Rabson, mtoto wa kaka yangu, yuko Mwanjelwa, na mlango wake nitamwelekeza. Nakuja