Saa ya Shemeji Imesimama

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Najua umeguna kwanza ndipo ukaitikia, maana barua kutoka kwangu ni kama mvua ya kiangazi, watu hutoka nje kuhakikisha. Natumaini inakukuta mzima, mgongo haukuumi kwa kuinamia mashuka ya hospitali, na ile mashine ya kufulia uliyosema inanguruma kama mama mkwe aliyenyimwa kiti imeshatengenezwa. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe huuma siku za kufagia uwanja tu. Mimi ndiyo sijambo kupita kiasi. Nimeongezeka kimo, kifua na wateja.

Utajiuliza kwa nini nimechafua karatasi zote hizi wakati simu ipo na juzi tu tumezungumza. Nitakujibu, ila kwa zamu yake. Ndani ya bahasha hii umekuta bahasha nyingine ndogo, ya kaki, imefungwa. Nakuomba, kwa heshima zote anazoweza kuwa nazo mdogo kama mimi, usiifungue mpaka umalize kunisoma. Nakujua wewe, hata chungu ulikuwa unafunua kabla hakijachemka. Iweke chini ya kikombe cha chai, usome kwanza. Ukimaliza ni yako, uifanye utakavyo, na mimi pia unifanye utakavyo.

Sasa habari za kazini. Tuko vinyozi wawili, na yule mwingine ndiye mwenye duka, lakini uliza mtaa mzima nani mwenye mkono. Mteja akiingia na kunikuta nina mtu kitini, husema atasubiri, hata kama bosi amekaa bure anajipepea na shuka. Bosi hununa, halafu jioni ananiuliza kwa upole ule mchongo wa sikioni nauanzia wapi. Kioo chetu ni kile kile kikubwa unachokikumbuka, chenye ufa kwenye kona. Tumeongeza televisheni juu ya mlango, na hiyo ndiyo imenifikisha hapa.

Shemeji amerudi, Dada. Simsemi mwingine, namsema yule yule mwigizaji wako uliyembandika ndani ya mlango wa kabati, ukaniambia nimwite Shemeji kwa sababu siku yoyote angekuja kuleta posa. Picha bado ipo. Mama huifuta vumbi na kumwita mkwe wangu, halafu hunikanya mimi nisicheke. Basi Jumapili zote hizi, saa kumi alasiri, alikuwa kwenye tamthilia mpya ya mambo ya kale, zama za mababu wa mababu, kabla ya simu wala posta. Na unajua wamempa nini? Siyo bwana harusi, siyo mtoto wa mfalme. Wamempa tarishi. Mtu wa kukimbia porini na barua za watu, kichwa kimenyolewa, meno yamepakwa rangi ya ugoro, mguu mmoja anauburuta.

Siku ya kwanza wale wasichana wanaojifunza cherehani jirani yetu walikaribia kulia. Mmoja alisema kumnyoa mtu mwenye nywele zile ni dhambi inayotakiwa kuungamwa. Mpaka rangi wa nyumba, yule mrefu asiyejua kusema polepole, akawaambia wafute machozi, mwanamume hapimwi kwa nywele. Wakamuuliza yeye basi anapimwa kwa nini, maana kichwani hana na mfukoni hana. Mwalimu Mstaafu, ambaye huja na kiti chake mwenyewe, alinung'unika kwamba barua zamani zilibebwa zimebanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, siyo kwenye mkoba wenye zipu. Halafu akaona jambo kubwa zaidi, akasimama na kidole juu. Tarishi wa kale amevaa saa ya mkononi. Mtu anakimbia zama za mikuki na saa inametameta. Tulicheka mpaka bosi akamchanja mteja wake. Mimi sikumchanja wangu.

Ila wiki ya pili kila kijana alitaka kunyolewa Tarishi, kipara chenye mstari mmoja pembeni kama njia ya porini. Nani aliyeubuni mtaani hapa, sitaki kujisifu. Ni mimi.

Mambo yaliharibika wiki ya tatu. Tarishi, ngoja nikueleze vizuri, ni mjane mwenye binti mmoja tu. Kijana anayejenga ngome nchi ya mbali anampa barua ampelekee binti huyo huyo, na anamwambia waziwazi kwamba anamwita waoane, amjibu kabla ya mwezi kwisha, asipojibu ataelewa. Tarishi anakimbia siku arobaini na barua hiyo. Anafika nyumbani, anamkuta binti anamshonea shati lililochanika. Anamtazama. Anatoka nje na kuificha barua chini ya jiwe la kusagia.

Dada, duka lililipuka. Msichana wa cherehani alisema hatamsamehe Shemeji mpaka afe, mwingine akamwambia hata akifa. Muuza vitambaa aliomba Tarishi aumwe na nyoka kipindi kijacho, na mguu ule mzima ndio uumwe. Mpaka rangi alisema mwizi wa ng'ombe ana nafuu, ng'ombe hununuliwa mwingine. Mama, aliyekuwa amekuja kuniletea chakula, aliinuka na kwenda zake. Nyumbani nilimkuta ameifunga ile kabati kwa ufunguo. Alisema mkwe wa namna hiyo hamtaki.

Mtu mmoja tu alimtetea Shemeji duka zima, na alimtetea kwa sauti mpaka koo likakauka. Nilisema huenda alitaka kuitoa kesho yake. Nilisema mtu anaweza kusema kesho, na kesho nayo ikasema kesho, mpaka aibu ikawa kubwa kuliko barua. Mpaka rangi aliniuliza tarishi amenilipa kiasi gani nimtetee hivyo. Watu wakacheka. Nikacheka pia, kwa mdomo.

Sasa nakuja penyewe, na nakuomba usiruke mistari.

Jumapili iliyofuata walikuwa wanarudia kipande kile kile cha jiwe kabla ya kuendelea. Nilikuwa na mteja kitini, nimeshampaka povu, ameingia kimya nami macho yapo kwenye televisheni. Sikumtambua uso, ndevu zilikuwa nyingi. Nilitambua mikono ilipotoka chini ya shuka kushika kiti. Vidole vile vyembamba, na kile cha shahada chenye kovu la bisibisi. Fundi saa. Yule aliyekuwa na meza ya kioo ng'ambo ya barabara, aliyekutengenezea saa moja mara sita, na saa yenyewe haikuwa mbovu.

Amerudi, Dada. Ule mkataba wake wa kutunza saa za minara umekwisha, meza ameirudisha pale pale.

Wembe ulikuwa chini ya sikio lake. Duka linamlaani tarishi, na muuza vitambaa akamgeukia yeye, mgeni, aamue: mtu kama huyu anastahili nini? Alifikiri. Akasema hayo ya barua hayajui, ila ile saa mkononi mwa tarishi imesimama. Tangu kipindi cha kwanza inasema saa nne na dakika ishirini, asubuhi, mchana, porini, nyumbani. Watu walicheka sana, na Mwalimu akafurahi kama amepata mwanafunzi mwenye akili hatimaye. Mpaka rangi akasema basi imekufa. Fundi saa akasema hapana, saa ya aina ile haifi kirahisi, ni ya kutia ufunguo. Imesimama kwa sababu hakuna aliyeitia.

Hapo ndipo nilipomchanja. Kidogo tu, lakini ni mara yangu ya kwanza katika miaka mitatu, na bosi alishuhudia kwa furaha. Nilimpaka jiwe la shabu la kukaushia damu. Ili nijifanye mzima nikamtania, nani anayemfulia mashati siku hizi. Akasema anajifulia. Nikatazama kola, ni kweli, hakuna mwanamke angeruhusu kola ile itoke nyumbani. Alipoinuka aliniuliza kama dada yangu hajambo. Nikasema hajambo. Akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza saa aliyoifungua. Mimi nikakung'uta shuka.

Ile bahasha ya kaki ni yake kwako. Nimekuwa nayo miaka mitatu.

Alinipa Alhamisi ile kabla hajasafiri, akanishika bega, akasema niitie mkononi mwako, basi lake linaondoka Jumamosi asubuhi. Hakuniambia kilichomo, lakini mtu hamtumi mtu barua nene namna ile kumsalimia. Nilifika nyumbani nikakukuta unanipigia pasi shati la kuanzia kazi hapa kwa kinyozi. Shule ilishanishinda, kila mtu alikuwa amenikatia tamaa, na wewe ulikuwa unanyoosha kola ile kama ya waziri, huku unaimba. Nikawaza, nikitoa barua hii ataondoka, nani atanipigia pasi. Nikajiambia kesho. Ijumaa nikajiambia jioni. Jumamosi nililisikia basi likipiga honi kituoni, na wewe uko uani unaanika nguo, hujui, na mimi nimesimama mlangoni na bahasha mfukoni, sikusema. Kwa hiyo usije ukadanganywa na utetezi wangu wa tarishi. Siyo kesho peke yake iliyonifanyia hivi. Siku ile ningeweza kukimbia, kituo hakikuwa mbali, na nilichagua.

Nilikuona wiki zile. Ulikaa dirishani ukisema unatafuta mwanga wa kuchambulia mchele. Ulinitania kwamba watu wa saa ndio hawajui wakati, ukacheka, ukaenda kuosha uso. Baada ya miezi minne ukachukua kazi ya mbali. Nilificha barua ili usiondoke, na kwa kuificha nikakuondoa. Mpaka leo sijampata mtu wa kupiga pasi kola.

Bahasha niliibandika nyuma ya kile kioo kikubwa. Kila mteja aliyejitazama, akajigeuza, akasema nimetoka vizuri, alikuwa anatazamana na barua yako bila kujua. Mimi pia, kila asubuhi. Sijaifungua. Hilo uliamini au usiliamini, lakini ukiikagua utaona gundi ni ile ile.

Jumapili iliyopita tamthilia iliisha. Shemeji, mzee sasa, anaichimbua barua, anaifuta udongo kwa nguo yake, anatembea mpaka nyumba ya binti. Anainua mkono abishe hodi. Basi, maandishi yakapanda. Duka lilitaka kuvunja televisheni. Wasichana wa cherehani walisema atafungua, atasoma, atalia, atasamehe. Muuza vitambaa alisema atamwagiwa maji ya moto. Mwalimu alisema ndiyo sanaa, nao wakamwambia sanaa akae nayo nyumbani. Kisha wote wakanigeukia mimi, mtetezi, niseme binti atafanya nini. Nilisema sijui. Mpaka rangi alinipima joto kwa mkono, akadhani naumwa.

Jioni niliporudi, Mama alikuwa ameifungua kabati. Alisema amemwona mkwe wake amesimama mlangoni pale, akamhurumia, lakini huruma si ruhusa ya kuingia. Sijamwambia lolote bado. Wala fundi saa sijamwambia. Nilitaka sana kuvuka barabara na kumwambia yote, niutue moyo, ila nikaona barua ni yako kwanza. Nimeshakuibia mara moja, nisikuibie tena kwa kwenda kuwa wa kwanza kusema habari zake.

Sikuombi unisamehe, maana nywele ikishakatwa hakuna kinyozi wa kuirudisha kichwani. Nakuomba ufungue, usome, halafu useme. Labda yaliyomo yamepitwa, labda utayacheka, labda utalia na mimi sipo wa kukuletea maji. Ukitaka kumpigia Fundi saa simu, Mwalimu atanipa namba yake bila kuuliza, wameshakuwa marafiki. Ukitaka kuandika, tia jibu ndani ya barua yangu, hata kama yangu mimi imejaa matusi. Kutoka kiti changu mpaka meza yake ya kioo ni hatua kumi na nne, nimezihesabu. Nitaitia mkononi mwake siku ile ile.

Mama anakusalimu, anauliza kama unavaa sweta, na anasema chumba chako hakijapewa mtu. Bosi anakusalimu. Wasichana wa cherehani wasiokujua wanakusalimu, wanasema wewe ndiye mwenye ile picha ya kabatini na wanaomba uwaachie. Fundi saa hakutuma salamu, hajui kama naandika. Ila leo asubuhi nimemwona akikifuta kioo cha meza yake, na akimaliza hutazama kwenye mlango wetu, halafu hurudia kufuta.

Nenda kainue kikombe sasa.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo, aliyenyamaza mara moja tu maishani, na ilikuwa siku ya kusema.